Mwalimu na Nyoka wa Kaskazini

Mwalimu hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Tulipanga ua mmoja Rosettenville, Johannesburg, kwa miaka mingi, mimi chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani ambako nilishonea, yeye chumba cha nyuma karibu na bomba, na sikumbuki hata siku moja alipokaa kitini mpaka chai ikaisha. Alikuwa anapokea kikombe, anashukuru, anapiga funda mbili, halafu anasimama. Anakwenda mlangoni, anatazama barabara, anarudi. Anakwenda dirishani. Chai inapoa mkononi huku anaongea. MaKhumalo, jirani yetu aliyekuwa akiuza magwinya, maandazi ya huku, getini, alisema mtu yule ana siafu ndani ya viatu.

Wote tulimwita Mwalimu, ingawa tangu aingie Johannesburg hakuwahi kusimama mbele ya darasa. Kwao Kongo, upande wa Kalemie, alifundisha biolojia sekondari. Hapa alilinda magari kwenye maegesho ya jengo moja la maduka Fordsburg, amevaa koti la rangi ya machungwa lililompwaya mabegani. Watu wengine wakipoteza kazi ya kwao hupoteza na lugha yake. Yeye hapana. Akikuelekeza mahali pa kuegesha gari, alikuelekeza kama anayekuonyesha chumba cha moyo kwenye ubao.

Na alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Mambo ya nyumbani, ya kodi, ya maji kukatika, aliyasema kwa Kiswahili cha kwao, mbio mbio, amechomeka Kifaransa humo ndani, na mimi mtu wa Tanga nilikuwa naambulia nusu. Lakini akianza habari za wanyama alibadilika. Sauti ilishuka, maneno yakaja moja moja, Kiswahili cha kitabu kabisa, na mikono ikatulia. Hapo ndipo ungejua darasani alikuwa mtu wa namna gani.

Mnyama wake alikuwa mmoja. Nyoka. Tena si nyoka wa hapa, wala wa Kongo, bali nyoka wa majani wa nchi za baridi, mwenye alama mbili za njano nyuma ya kichwa mfano wa kola ya shati. Alimwita nyoka wa kola, kwa kufuata jina la Kifaransa. Hana sumu. Anapenda maji, anaogelea, anakula vyura. Mwalimu hakuwahi kumwona hata mmoja kwa macho yake.

Mwezi wa sita, wakati Johannesburg ni baridi kavu ya kupasua midomo, sisi tulikuwa tunagombania jua la saa nne kwenye ukuta wa mbele kama mijusi. Mwalimu alitokea na sweta mbili, mikono imekufa ganzi, uso umechangamka.

"Mama Zuhura," aliniambia, "sasa hivi wako juani. Kule usiku hakuna giza. Majike wanatafuta mahali pa kutaga."

"Kule wapi?"

"Uswidi."

"Na hapa maji ya bomba yameganda. Nikoshee nini vyombo?"

Hakusikia. Alikuwa amekwisha kwenda mpaka getini na kurudi. Aliishi hivyo, mwili uko Rosettenville, kalenda iko kwingine. Mwezi wa kumi, mvua za kwanza zikinyesha na sisi tukitoa blanketi nje, yeye alinyong'onyea. Wameingia ardhini, alisema, wamelala, hawatatoka mpaka theluji iishe. Akawa anatembea zaidi. Alikuwa anaweza kutoka Fordsburg mpaka kwetu kwa miguu, safari nzima, kwa sababu tu hakuweza kusimama kwenye foleni.

Siku moja alinichorea nchi ile kwenye meza yangu ya kukatia. Nilikuwa nimetandaza kitambaa cheusi cha suti. Alichukua chaki yangu akaanza pwani, kona, ghuba, maziwa.

"Mwalimu, hiyo ni suruali ya mtu."

"Itafutika. Tazama. Hapa chini wako wengi, kila penye kidimbwi. Hapa katikati wanapungua. Hapa, pembeni mwa bahari, wachache sana. Kupita hapa," akapiga mstari ambao ulikata goti la mteja wangu, "hakuna."

"Baridi."

"Baridi, ndiyo. Lakini kuna kipiri wa kule, mwenye sumu, yeye anapita mstari huu, anakwenda juu mpaka huku. Kwa nini yeye anaweza na huyu hawezi?"

Kwa kweli nilikuwa natazama kitambaa.

"Kipiri anazaa watoto hai. Mimba anayo tumboni, jua likitokea anakwenda nayo juani. Huyu wa kola anataga mayai. Yai halitembei. Yai linataka joto wiki nyingi, na udongo wa kule hauna joto hilo. Sasa anafanyaje?"

"Anafanyaje?"

"Anakwenda kwa watu. Mkulima ana ng'ombe, samadi inarundikwa nyuma ya zizi, ikioza inapata moto wake yenyewe. Nyoka anaingia humo anataga. Ndiyo maana mpaka wake wa kaskazini hauwekwi na hali ya hewa peke yake. Ng'ombe wakiuzwa, zizi likifungwa, nyoka naye anapotea mahali hapo, hata kama baridi haijaongezeka."

Alipomaliza alirudi mlangoni, akatazama barabara. Mimi nikachukua brashi nikafuta Uswidi.

Hapo Fordsburg alikuwa akivizia wageni. Mzungu akishuka kwenye gari na lafudhi asiyoijua, Mwalimu alimuuliza kwa adabu anatoka nchi gani. Wengi walishika pochi zao. Lakini mzee mmoja aliyekuja na mkewe kununua vitambaa alicheka, akasema yeye ni wa huko huko, na zizini kwa bibi yake aliishi nyoka wa namna hiyo. Kumuua ilikuwa mwiko, maana ni bahati ya nyumba, na bibi alimwekea maziwa kwenye kisahani. Mwalimu alikuja na habari hiyo nyumbani kama mtu aliyetoka kuhiji.

"Nyoka hanywi maziwa," alisema, "lakini yule bibi hakuwa mjinga. Alijua anaishi na nani."

Mchungaji wake, Mkongo mwenzake, aliipenda sana hadithi ya nyoka anayeponea joto la watu. Akamwomba aiseme kanisani Jumapili, kama mfano wa wakimbizi. Mwalimu alikataa. Nilikuwepo mchungaji alipokuja uani kumbembeleza.

"Nyoka iko nyoka, pasta," alisema kwa Kiswahili chake cha haraka. "Mutu akitaka habari ya mukimbizi, aniulize miye. Ile nyama wasiisumbue." Kwao nyama ni mnyama.

Lakini nani aliyeweza kumuuliza? Mtu akimuuliza habari za Kalemie alikumbuka shughuli. Alijua kina cha maziwa ya Uswidi ambayo hajawahi kuyaona, na kwao hakukutaja. Alituhubiria subira, akisema mnyama mwenye haraka hafi kwa uzee, na yeye mwenyewe hakuweza kusubiri robot, taa ya barabarani, igeuke kijani. Alisema kuogopa wanyama ni kukosa elimu, na mbwa mdogo wa mwenye nyumba alimpandisha juu ya ukuta.

Kuta zetu zilikuwa nyembamba, ndivyo nilivyojua habari za Furaha.

Furaha ni binti yake. Vita vilipowatawanya, mke wa Mwalimu na mtoto walivuka ziwa wakaishia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, Mwalimu akaishia kusini, nchi baada ya nchi, mpaka huku. Mke alifia kambini kwa ugonjwa. Mtoto akalelewa na mama yake mdogo, na baadaye wote wawili wakapewa makazi Uswidi, kwenye kimji cha pwani karibu na ule mstari wa chaki. Baba na binti wakabaki na simu. Na simu zenyewe zilikuwa kavu. Umekula? Nimekula. Shule? Nzuri. Baridi? Ndiyo. Kiswahili cha mtoto kilizidi kwisha, kila mwaka kimepungua kidogo, na baba hakujua lugha ya huko.

Halafu siku moja, Furaha akiwa msichana mkubwa, ilikuja picha. Lundo la majani yaliyooza nyuma ya nyumba, na juu yake nyoka mweusi mwenye alama mbili za njano. Chini ameandika: Baba huyu ana sumu?

Mwalimu mwenyewe alinionyesha. Picha ilikuwa imehama naye kutoka simu moja hadi nyingine, imefifia.

"Alikuwa hajaniuliza kitu," aliniambia. "Tangu wametengana na miye, hajaniuliza hata kitu kimoja. Na miye, mwalimu ya biolojia, sikujua jibu."

Alimwandikia asimguse, asubiri. Akaenda maktaba ya mjini, akasoma, akajibu siku ile ile: hana sumu. Kisha akaendelea kujibu. Miaka ikapita bado anajibu. Wanakula nini, wanalala wapi, mwaka huu joto limewahi kwa hiyo vitoto vitaanguliwa mapema. Furaha alirudisha kidole gumba, au uso unaocheka, na Mwalimu aliutazama uso ule wa njano kama barua ndefu.

Mwaka mmoja alimshawishi mwenye nyumba ampe kona ya ua arundike mboji. Alisema ni kwa ajili ya lengalenga, mchicha wa kwao, na kweli alipanda lengalenga tukala wote. Lakini sote tulijua. Alikusanya majani ya mitaa mizima, maganda yetu, samadi ya farasi aliyoipata sijui wapi. Asubuhi moja ya baridi kali alinivuta mpaka pale.

"Tia mkono."

"Sitii."

"Tia, Mama Zuhura."

Nilitia. Mkono uliingia mpaka kiwiko na kulikuwa na joto kama ndani ya sufuria iliyoepuliwa. Mvuke ulitoka. Nakiri sikutaka kuutoa. Mwalimu alisimama pembeni anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, anacheka kimya kimya.

Lundo lile lilileta vyura. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja walijaa, wale wanono wa ngozi ya vipele, wakawa wanapiga kelele karibu na bomba. Mwalimu alifurahi. Sisi hatukufurahi, na tulikuwa na haki, kwa sababu vyura wana mwenyewe anayewafuata.

Ilikuwa mchana, Jumamosi. Nilisikia MaKhumalo anaita. Nilipotoka nilimkuta amesimama na sufuria ya mafuta mkononi, na chini ya ukuta, hatua chache kutoka kwenye lundo, nyoka amelala chali. Amekufa, ndivyo nilivyoona mimi. Tumbo juu, mdomo wazi, ulimi umening'inia. Jirani wa ng'ambo alikuwa anakuja na koleo. Nyoka alikuwa mweusi, na chini ya shingo ana mkanda mweupe.

Mwalimu alitokea chumbani kwake miguu mitupu. Alipouona ule mkanda alisimama, akatulia. Sijapata kumwona ametulia namna ile.

"Asimguse mtu," alisema, kwa sauti ya darasani. "Hajafa. Anajifanya. Nyoka wa kola hufanya hivi hivi. Anageuka chali, anafungua mdomo, adui anamwacha. Hana sumu huyu."

"Yiyeke, Thisha," MaKhumalo alimwambia amwache. "Yiyeke."

"Hana sumu, mama."

Akachutama, akanyoosha mkono, taratibu, kama anayemchukua mtoto aliyelala. Nyoka aligeuka. Sikuona aligeuka vipi. Niliona amesimama, shingo imetanuka, halafu Mwalimu ameangukia nyuma, viganja viko machoni, analia kwa sauti ambayo sikudhani mtu mzima anayo.

Tulimburuta mpaka bombani. MaKhumalo alimshika kichwa, mimi nikafungua maji nikawa namfunua kope kwa nguvu huku anapigapiga miguu, tukamwosha na kumwosha mpaka jirani akaleta gari. Nyoka wakati huo alikuwa amekwisha kujipenyeza chini ya ukuta.

Hospitali, daktari hakuhitaji maelezo mengi. Alinisikiliza, akasema jina la nyoka. Rinkhals. Wako wengi tu kwenye nyanda hizi, anapenda vyura, anajifanya amekufa, na ukimsogelea anatema sumu machoni. Jina ni la Kiafrikana. Nilimuuliza maana yake. Akasema ni shingo yenye pete.

Mwalimu alisikia. Alikuwa amelala na bandeji machoni, na nikaona midomo yake inalirudia jina lile bila sauti.

Daktari alisema macho yatapona kwa sababu tuliwahi kuyaosha, lakini yafungwe siku kadhaa na mgonjwa atulie. Atulie. Nilimrudisha nyumbani nikamkalisha kitandani, na kazi yangu wiki ile ikawa kumzuia asiinuke. Alipapasa ukuta. Alihesabu vitu vilivyo chumbani kwa vidole. Aliniuliza ni saa ngapi, nikamjibu, akaniuliza tena kabla sijafika mlangoni.

"Nimeishi hapa mpaka nikamaliza ujana wangu wote," alisema siku ya pili au ya tatu. "Nyoka wa ua wangu mwenyewe simjui. Namjua wa Furaha."

Nikampa chai. Akainywa yote, maana hakuwa na pa kwenda nayo.

Jioni moja kabla ya magharibi aliniomba nimpigie Furaha. Nilibonyeza, nikaweka sauti ya nje, nikakaa karibu naye kushika simu. Alimweleza binti yake yaliyompata, akijicheka. Furaha hakucheka. Alizungumza, Kiswahili chake kidogo kidogo, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Baba. Ile picha. Ya zamani."

"Ndiyo."

"Mimi sikuogopa nyoka. Mama mdogo aliuliza jirani. Jirani alisema huyu hana sumu. Tulijua tayari."

Mwalimu aligeuza uso upande wa simu, na bandeji zake.

"Sasa mbona uliniuliza?"

"Nilitaka kukuandikia kitu. Sikujua niandike nini. Nyoka alikuwepo."

Nilisikia mtu anapita barabarani na redio. Mwalimu alikuwa ameshika shuka kwa mikono miwili.

"Ulitaka kuniuliza nini?" alisema mwishowe.

"Kwa nini hukuja kutuchukua kambini?"

Niliiweka simu juu ya blanketi nikatoka. Si jambo la kusikilizwa na mpangaji mwenzako. Nilisimama penye bomba nikajifanya nasuuza ndoo. Nikasikia sauti yake tu, imeanza, inakwenda mbio, Kiswahili cha kwao na Kifaransa, bila kituo, mfano wa maji yakipasua bomba. Neno hata moja sikulishika. Ikaenda muda mrefu. Halafu kimya. Nilipoingia simu ilikuwa imekatika na Mwalimu amegeukia ukuta.

Macho yalipona. Yalibaki mekundu pembeni, na mwanga mkali ulimtoa machozi, lakini alikuwa anaona. Hakutaja tena nyoka. Mwenye nyumba alileta watu wakabeba lundo lote kwa bakkie, gari dogo la mizigo, na Mwalimu alisimama akawasaidia kupakia. Kabla baridi haijaingia alihama. Alipata chumba Mayfair, karibu na kazini, nyuma ya duka la Wasomali. Alituaga vizuri, alimwachia MaKhumalo mashada ya lengalenga, akaenda na begi moja. Chumba chake alikichukua fundi magari kutoka Burundi, mtu wa kukaa, na uani pakawa kimya mpaka MaKhumalo akalalamika.

Baada ya hapo nilimwona mara chache, kwa mbali, nikienda Fordsburg kununua nyuzi na zipu. Koti la machungwa linakwenda huku na huku kati ya magari. Tulipungiana mikono.

Kisha kiangazi hiki kilichopita, mchana wa joto, mlango wangu ukasukumwa, na Mwalimu akaingia na mwanamke mrefu aliyevaa viatu vya kutembelea milimani. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na paji la uso la baba yake.

"Mama Zuhura," alisema Mwalimu, "nimekuletea mteja. Anataka nguo ya kitenge. Furaha, huyu ndiye aliyeniosha macho."

Furaha alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo. Hilo mtu hufunzwa. Mama mdogo alifanya kazi yake. Alikuwa amekuja kwa likizo, mara yao ya kwanza kuonana tangu vita. Kitenge walikuwa wamekwisha kununua, cha kijani. Mwalimu alikikunjua, akakisifu, akakikunja, akasema atatusubiri nje, na kupitia dirishani nikamwona ameanza, kutoka mti wa jirani mpaka geti la MaKhumalo, na kurudi.

Nilimpima Furaha mabega, nikampima mgongo. Hakuwa akitazama kioo. Alikuwa anamtazama baba yake.

"Mama," alisema, "wewe ulikuwepo siku ile? Siku ya simu, macho yake yamefungwa?"

"Mwanzo tu. Halafu nilitoka."

"Hukusikia alichonijibu?"

"Hapana, mwanangu. Nilikwenda bombani."

Aliuma mdomo. Kisha akaongea Kiingereza, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko Kiswahili chake. Alisema baba alijibu kila kitu siku ile, alilia na kujibu, lakini alisema kwa haraka mno, kwa lugha ambayo yeye aliiacha akiwa mtoto. Alishika maneno machache. Ziwa. Geti. Maji. Mengine yalimpita. Na aliona haya kumwambia arudie. Utamwambiaje mtu akupasulie kifua mara ya pili kwa sababu hukusikia vizuri? Akamwambia asante baba, akakata. Sasa yuko naye wiki nzima, wanakula pamoja, baba anadhani amekwisha kumwambia, na yeye hajui.

"Nilifikiri wewe unajua," alisema.

Niliweka futi mezani. Nikaenda mlangoni nikamwita Mwalimu. Alikuja haraka, akidhani tumemaliza.

"Mwalimu," nilimwambia, "siku ile ya simu mwanao hakukuelewa."

"Siku gani?"

"Ulipomjibu kuhusu kambi. Ulikwenda mbio. Hakuelewa."

Alimtazama Furaha. Furaha alitazama sakafu.

"Samahani, baba."

Mwalimu alivua kofia. Nilidhani atatoka, na ningemwelewa. "Yote?" aliuliza.

"Karibu yote."

"Mwambie kwa Kiswahili cha darasani," nilisema. "Polepole. Mimi natoka."

"Kaa, Mama Zuhura," alisema. "Nikianza kukimbia unisimamishe."

Basi nikakaa kwenye kiti cha cherehani. Yeye alibaki wima, kofia mkononi.

"Nilikuja," alisema. "Mama yako alikuwa bado hai. Nilivuka ziwa, nikafika Kigoma, nikapanda lori mpaka kambini. Nilifika mpaka getini."

Furaha aliinua kichwa.

"Pale getini niliwaona vijana wawili wa kwetu. Hao ndio waliokuja shuleni kuchukua wanafunzi wakapigane, nami nikawaficha wanafunzi. Waliapa kwamba watanitafuta. Sasa wamekaa pale kati ya watu, kama wakimbizi. Hawakuniona. Nikasema, nikiingia watanifuata mpaka kwenye hema lenu." Nilidhani amemaliza. "Hiyo ndiyo sababu ambayo napenda kuisema. Ipo nyingine. Niliogopa kwa ajili yangu mimi. Nilitaka kuishi. Miguu ilikataa kuvuka barabara."

"Polepole," nilisema, ingawa hakuwa anakimbia.

"Nilikuona. Ulikuwa kwenye foleni ya maji, una kidumu cha njano. Nilisimama nikakutazama mpaka kikajaa, ukakibeba kichwani, ukaenda. Nikasema nitarudi wiki ijayo, wale watu wakiondoka. Nikageuka. Sikurudi."

MaKhumalo alikuwa anamhudumia mtu nje, nikasikia mafuta yanachemka. Furaha alikuwa amesimama na mikono imeachana kidogo na mwili, jinsi nilivyomwacha nilipokuwa nampima.

"Kidumu changu kilikuwa cha bluu," alisema.

"Njano."

"Bluu, baba. Mama alifunga kitambaa chekundu hapa, kwenye mkono wa kidumu, kisipotee na vya watu wengine. Nilikibeba mpaka tunaondoka."

Mwalimu alitazama kofia yake kana kwamba imeandikwa ndani.

"Basi sijui nilimwona mtoto wa nani," alisema.

Mimi nilikuwa namtazama yeye, mtu aliyeishi miaka yote ile na mtoto mmoja kwenye foleni ya maji.

"Lakini ulifika," Furaha alisema.

"Getini. Sikuingia."

"Sikujua kwamba ulifika. Hakuna mtu aliyejua. Mama alikufa anasema hukufika."

Mwalimu alitikisa kichwa, polepole, kukubali. Furaha alivuta kiti cha wateja kwa mguu mpaka karibu na meza, akakisogeza upande wa baba yake, yeye akaegemea meza juu ya kitenge chake.

"Anza tena, baba," alisema. "Anzia ziwani."